Nyama ni Wale Wale, Mukono ni wa Mutu

Siku hizi mu Lubumbashi kuko vijana wenye kuchora bila karatasi na bila rangi. Wanachora ku telefone, kikare kimoja kimoja, mupaka nyama anatokea: mamba, ndege, simba, nyoka mwenye vichwa vitatu. Wengine wanapenda kuchora sura tu, ni kusema kichwa, jicho na mudomo, sawa picha ya pasiporo. Vile vikare vinaitwa pikseli. Wazazi wakiviona wanasema: "Ile haiko kazi ya mukono, njo mashini inafanya." Na vijana wenyewe, ukiwauliza juu ya nini mamba wa huyu anafanana kabisa na mamba wa yule, wanajibu kama kikare ni kikare, hakuna namna ya kukifanya kiwe chako.

Ile jibu siikubali. Muji wetu ulishashindana na ile ulizo miaka zaidi ya 70 iliyopita, wakati hakuna mutu aliota telefone ya mufuko, na wenye waliijibu ni watu watatu wenye kuchora nyama.

Mu mwaka wa 1946, Mufaransa mumoja, Pierre Romain-Desfossés, afisa wa zamani wa jeshi la bahari na muchoraji, alifungua atelie hapa, wakati muji ulikuwa ungali unaitwa Elisabethville. (Jina Lubumbashi lilikuja mu 1966.) Ile atelie watu waliizoea kwa jina la Hangar. Alikusanya watu, akawapatia karatasi na rangi, na akakataa kuwafundisha kuchora sawa Wazungu. Hakutaka waige picha za Ulaya, hakutaka waigane wao kwa wao. Alikufa mu 1954, na ile kazi ikaingizwa mu Académie des Beaux-Arts yenye Mubelgiji Laurent Moonens alikuwa ameanzisha mu 1951. Kwa hiyo Hangar yenyewe ilidumu miaka munane tu. Ni kidogo sana, ukifikiri namna inaongelewa mupaka leo.

Wengi walipita pale, lakini majina matatu ndiyo yanabakia mu vinywa: Pili Pili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela Sara. Wote watatu walichora swala, ndege, samaki, nyoka, na mamba. Wote watatu walijaza karatasi kwa alama moja ndogo yenye kurudiliwa mara elfu na elfu. Tuseme, mu lugha ya vijana, kila mumoja alikuwa na pikseli yake. Hata vile, tundika tablo zao tatu ku ukuta, funika sahihi, na mutoto wa masomo ya musingi, kisha kuona chache, atakuambia bila kukosea hii ni ya nani. Ile inawezekana namna gani?

Tuanze na Bela, juu yeye ndiye anaonekana kuwa na vyombo kidogo kuliko wote. Alikuwa mutumishi wa Romain-Desfossés. Alikuwa anaona wengine wanachora, naye akaanza. Lakini pahali pa kushika pinso, alichovya kidole mu rangi na kugusa karatasi. Basi, fikiri kidogo maana ya ile kitu. Mukubwa wa alama yake ulishapimwa siku ile alizaliwa, ni upana wa kidole. Hawezi kuipunguza ili achore ukope wa jicho, hawezi kuirefusha ili achore muguu mwembamba wa korongo. Mutu mwingine angesema ni kizuizi. Ukiangalia kazi zake unaona kama ile kizuizi ndiyo ilimuchagulia njia. Nyama wake hawana urembo mudogo-mudogo, wana uzito na mwendo. Kikundi cha swala cha Bela ni vitone vyenye kukimbia. Karibu na tablo unaona alama za kidole tu. Rudi nyuma hatua tatu, pori yote inatembea. Mimi nikilazimishwa kuchagua kati ya wale watatu, nachagua Bela, hata kama najua kama watu wengi wa hapa watanipinga.

Mwenze (alizaliwa mu 1925, akafariki mu 1999) alikuwa na kistari. Wenye kuelezea maisha yake wanasema baba yake alikuwa mufumaji, na kweli, mbele ya tablo zake ile neno "kufuma" inakuja yenyewe mu kinywa. Vistari vifupi, vimepangana kimoja pembeni ya kingine, vya rangi chache za udongo: kahawia, manjano ya mufinyanzi, nyeusi, wakati mwingine nyeupe. Hakuna pahali penye kubakia wazi. Nyama amefumwa, na majani nyuma yake yamefumwa pia. Sasa macho inajua namna gani mwili unaanza wapi? Inajua juu vistari vinabadilisha njia. Ku ubavu wa swala vinakwenda huku, mu majani vinakwenda kule, na pale vinagongana ndipo ngozi. Mwenze ana wawindaji na watu wenye kupigana, na pale pia ni vile vile: nguvu yote iko mu mwelekeo wa kistari, rangi inafuata tu.

Pili Pili ndiye mwenye kupendwa zaidi. Alizaliwa mu 1914 na akafariki mu 2007. Wengi wetu tulikuwa na bahati ya kuishi wakati moja na yeye. Wanaelezea kama mbele ya Hangar alikuwa anapaka nyumba rangi, na mimi naamini ile kazi ilibakia mu mukono wake: anajua kujaza pahali pakubwa bila kuchoka na bila kuchafua. Nyama wake anachorwa upande, na muzunguko safi, jicho moja la duara. Kisha anakuja kumuvalisha: magamba, manyoya, madoa, kila moja na mupango wake. Nyuma ya nyama, maji ao majani yanajazwa vitone na vikoma vidogo, mupaka hewa yenyewe inaonekana kuwa na ngozi. Watu wanaita tablo zake "nzuri", "za furaha". Ni kweli, lakini angalieni tena. Mara mingi mu ile bustani ya rangi kuko mutu wa kufa: nyoka anapanda polepole kwenda ku kiota, ndege anameza samaki. Na anaweka kifo kwa vitone vile vile vyenye aliwekea maua. Hakibadilishi sauti. Ile ndiyo inanifanya nirudilie kutazama. Pale anasahau yule nyoka na kubakiza ndege wawili wazuri ku tawi, ile tablo inakuwa kitambaa cha meza, hata kama sahihi ni yake. Tusiogope kusema, juu si kila kazi ya muzee ina uzito sawa.

Sasa kuko maelezo yenye ilitembea sana, na inatembea mupaka leo, hata ku midomo ya watu wenye masomo: kama ile namna ya kuchora ilikuwa ndani ya damu. Wazungu wengi wa ile wakati walipenda kusema vile, juu iliwafurahisha kufikiri kama Muafrika hajifunze, anatoa tu kitu chenye kilikuwa ndani yake tangu bankambo. Na siye wenyewe, kisha uhuru, tuliichukua ile hadisi na kubadilisha tu rangi yake: tukasema ni urizi wetu, ni mila ya Baluba, ni Katanga yenyewe inaongea.

Wengine wanaenda mbali zaidi, wanataja lukasa. Ni kitu kikubwa, kwa hiyo tukiongelee kwa heshima. Lukasa ni kibao chenye Baluba wa chama cha Mbudye walikuwa wanashika ku mukono: ushanga na simbi zimepangwa juu yake, na mwenye kufundishwa aliweza kupitisha kidole na kuelezea wafalme, safari, pahali pa roho. Mugongo wake unachongwa alama zenye kufanana na gamba la kobe. Mutu akiona ushanga na akiona vitone vya Pili Pili, kishawishi ni kikubwa cha kusema: "Hii imetoka hapa." Lakini ushanga wa lukasa unasomwa. Rangi yake, mukubwa wake, pahali pake, yote ni habari. Kitone cha Pili Pili hakisomwi hata kidogo, kinajaza maji. Kuviweka pamoja juu vyote viwili ni vidogo na vya duara, ni kama kusema muchele na dawa ya kumeza ni ndugu.

Tena kuko jambo moja lenye linavunja ile hadisi yote ya damu, na nashangaa namna hatulitaji. Bela hakuwa Muluba, hakuwa mutu wa Katanga, hakuwa hata mutu wa Congo. Jina lake linasema: alikuwa Musara, wa upande wa Tchad. Alifika kwetu kwa kumufuata muzungu wa kazi. Na ni yeye, mugeni, mwenye kuwa na alama ya wazi kuliko wote. Kama style inatoka mu damu ya inchi, Bela tutamuweka wapi?

Kwa mawazo yangu, kila mumoja wa wale watatu alipata alama yenye mukono wake ulikuwa unaweza kurudilia siku nzima bila kudanganya, na akaishikilia hata pale ilimukatalia vitu. Bela angeweza kuomba pinso, pinso zilikuwa pale. Mwenze angeweza kuongeza buluu na nyekundu kali. Hawakufanya vile. Wenye kuona wanaita ile "asili". Mimi naiita kazi, tena kazi ya mutu mumoja mumoja.

Na mwalimu? Romain-Desfossés tumusifu kwa kipimo. Kuwafungia watu madirisha ili wasione picha za dunia, eti wabakie safi, ile ilikuwa kuwatendea sawa watoto, na watu wazima wale hawakuwa watoto. Yeye mwenyewe alikuwa ameona Paris, lakini aliamua kama wao hawana lazima ya kuona. Mimi sioni namna ya kuipamba ile. Lakini katazo lake la pili, la kutoigana, lilikuwa na faida kubwa. Atelie yenye watu wengi, karatasi za namna moja, rangi za sanduku moja, nyama wale wale: kama hakukuwa ile katazo, kisha mwaka moja wote wangechora sawa yule mwenye kuuza zaidi.

Ushahidi ni kile chenye kilikuja nyuma. Pale jina la Hangar lilijulikana, ndege na samaki wenye vitone walianza kutoka mu mikono mingi, na mupaka leo unaweza kuwakuta kwa wenye kuuzia wageni. Ndege ni wa Pili Pili, majani ni ya Pili Pili, vitone pia. Chenye kinakosa ni yule nyoka. Mwenye kuiga anachukua kile chenye kuonekana haraka, na anaacha kile chenye mwenye kazi alikuwa anaogopa ao alikuwa anatafuta. Mu 2015 Fondation Cartier ya Paris ilipanga maonyesho makubwa, Beauté Congo, na kazi za Hangar zikawa kati ya zenye kuonwa. Tangu pale wengi zaidi wanajua kama ile kitu ina bei, na kuiga hakujapungua.

Najua kuko mwenye ataniambia: na mamba muntu je? Ni kweli, mu miaka ya 1970 karibu kila salon ya Lubumbashi ilitaka tablo yake ya mamba muntu, yule mwanamuke mwenye mukia wa samaki, nywele ndefu, nyoka pembeni. Wachoraji walimuchora mara mingi, namna ile ile, juu munnunuzi hakutaka mwingine. Lakini pale mupatano ulikuwa tofauti: watu walikuwa wananunua yule mwanamuke na utajiri wenye anaahidi, hawakununua mukono. Tshibumba Kanda Matulu, mwenye pia alichora tablo za kuuza mu manyumba, alijulikana kwa kitu kingine: ile mufululizo wa tablo zaidi ya 100 juu ya historia ya Zaire, zenye alimuchorea Johannes Fabian mu miaka ya 1973 na 1974. Pale alichagua mwenyewe cha kusema, na mukono wake ukaonekana.

Turudie sasa ku vikare vya vijana.

Mutu asifikiri kama ile sanaa ilizaliwa jana, ao kama vizuizi vyake ni vigeni. Wengi wetu tulicheza nyoka ku Nokia 3310, telefone ya mwaka wa 2000: kioo chake kilikuwa na vikare 84 kwa 48, vyeusi tu, na hata vile kila mutu alijua ile ni nyoka. Mbele yake, Game Boy ya Wajapani, ya 1989, ilikuwa na vikare 160 kwa 144 na vivuli vine basi. Mu ile mashini ndogo ndimo walitoa, mu 1996, viumbe 151 vya Pokémon. Sura ya kila kimoja, wakati wa kupigana, ilipaswa kuingia mu vikare 56 kwa 56, ni kusema 3 136 kwa yote. Mwenye kuchora pale alikuwa na karatasi ndogo kuliko ya Pili Pili na rangi chache kuliko za Mwenze. Hawakushindwa. Walijifunza kupima: jicho litakula vikare ngapi, mustari wa inje ubakie ao ukatike, kivuli kitoke wapi.

Tena kuko ufundi moja wa pikseli wenye ungemufurahisha Mwenze. Pale huna rangi ya tatu, unapanga mbili zenye uko nazo kimoja huku kimoja kule, sawa ubao wa dama, na macho inaichanganya yenyewe. Ni kufuma kabisa. Kijana mwenye kujua vile, na mwenye kuchagua kufuma kwa kusimama ao kwa kulala, kwa wingi ao kwa kidogo, ameshaanza kuwa na kistari chake. Kikare ni cha wote, lakini ujirani wa vikare si wa wote.

Kwa hiyo chenye nalaumu mu kazi nyingi zenye nimeona si vikare. Nalaumu vitu viwili. Cha kwanza ni kioo: zile programu ziko na kifungo chenye kurudilia upande wa kushoto ku upande wa kuume. Unachora nusu ya simba, mashini inamalizia. Juu ya ile karibu nyama wote wanatuangalia usoni, masikio sawa, macho sawa, wamenyamaza sawa watu mbele ya fotografe wa komine. Hakuna nyama wa kweli mwenye kusimama vile isipokuwa anataka kukukula. Pili Pili alichora upande, na kwa jicho moja tu alituonyesha mwenye kuwinda na mwenye kuwindwa. Cha pili ni ile hadisi ya damu, imerudi na nguo mupya. Wanunuzi wa mbali wanaomba "style ya Afrika", na kijana anaweka nyuma ya kila kichwa mupango wa kitambaa cha Wakuba, hata kama yeye na familia yake hawajawahi kushika kile kitambaa. Kitambaa cha Wakuba ni kazi ya akili nyingi. Hakiombi kuwa karatasi ya kufungia simba wa mutu.

Hata vile si wote. Kuko kijana mumoja wa Kamalondo mwenye alinionyesha samaki wake, vikare 48 kwa 48. Ametumia rangi mbili kwa maji na zile zile mbili kwa samaki, bila mustari wa inje; mwili unaonekana tu juu vikare vinageuka njia, na mwanzo sikuona kitu. Jicho ni kikare kimoja cheupe. Aliniambia alifuta wengi mbele ya kufika kwa huyu. Nikamuuliza juu ya nini hakuweka hata viwili ku jicho, pahali pangemutosha. Akaangalia telefone, akasema: "Na bibili, alikuwa anakuwa muntu."